Mabati ya Mjomba Mfaume Yasipande Gari

Morogoro, Jumatano, tarehe 8 Oktoba.
Leo natimiza miezi minne na siku nne tangu nitoke Malolo.

Mwanangu Somoe,

Salamu za baba yako zikukute mzima, wewe na mama yako. Mimi nipo, kula nakula, kazi inaendelea. Leo upepo umevuma tangu asubuhi, na hapa kwetu upepo ukivuma msimamizi hataki mtu apande juu ya paa, kwa hiyo nimekaa nyuma ya tangi la maji na daftari nililoomba kwa mpishi. Mzee Likapa, ninayelala naye chumba kimoja hapa kambini, amepata msiba kwao Ruangwa na anaondoka na basi la jioni. Amekubali kukufikishia barua hii mkononi mwako, hata kwa pikipiki. Akichelewa sana utaipata Ijumaa. Gari la kukuhamishia kwa mumeo linakuja Jumamosi. Nimeona hapo katikati kuna nafasi ya kukwambia jambo ambalo kwenye simu nilishindwa.

Ulinipigia juzi, ukasema, "Baba, fuso ikija Jumamosi tunapakia na yale mabati ya mjomba."

Nikasema, "Yaache."

"Niyaache kwa nani?"

"Yaache tu, Somoe."

"Mabati yale si yako, baba. Mjomba alisema ni yangu. Mama alikuwepo, na wewe ulikuwepo umekaa pale pale miguuni kwake."

Nilitaka kueleza, kikohozi kikanishika. Nikasikia unasema, "Au unamwekea bi mdogo wa huko Morogoro?" Na nyuma yako wanawake wakacheka. Sauti ya shangazi yako naijua hata kwenye simu. Hapo nikakata. Ukadhani mtandao. Haukuwa mtandao, nilikata mwenyewe.

Ulilosema kuhusu mabati ni kweli. Kwetu mjomba akisema kitu hiki ni cha mpwa wangu, baba mtu hana la kuongeza. Ndiyo maana siandiki kama mwenye mali. Naandika kama mtu aliyekaa kimya siku ambayo alitakiwa aseme, na sasa kimya chake kinataka kupanda gari kwenda kukaa juu ya kichwa chako Kilimarondo.

Mambo ya kuishi na Ahmadi na watu wa kwao sikuandikii. Mama yako na bibi yako wameshakwambia, na kwa namna nilivyoishi na mama yako mimi si mtu wa kufundisha. Nakwambia lile ninalolijua kuliko wao, yaani yale mabati yametoka wapi na yametufanya nini.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Mjomba wako Mfaume na mimi tulikwenda Nachingwea kutafuta kibarua baada ya mwaka ambao mihogo ilioza. Tulipata kwa mfanyabiashara mmoja aliyenunua nyumba ya zamani, zile nyumba zilizoachwa na Wazungu waliokuja kulima karanga. Kuta zake za nje kwa juu zilikuwa na vipande bapa vya kijivu kama mbao za simenti, dari ndani vile vile, na paa lote mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi mapana. Mwenye nyumba alitaka bati jipya linalong'aa. Akatuambia, "Shusheni uchafu wote huo mkautupe mnakojua."

Tulishusha kwa nyundo na mtaimbo, bila kitambaa puani. Yaliyogoma tuliyavunja, yaliyovunjika tukayarusha chini, na kila lilipoanguka vumbi jeupe lilipanda kama unga kwenye mashine. Mjomba wako alikuwa mtu wa mzaha, unamkumbuka. Jioni alijiangalia mikono akasema, "Shemeji, leo na mimi nimekuwa Mzungu wa karanga." Tukacheka. Palikuwa na mlinzi wa nyumba ya jirani, mzee wa Kimakua, akatuita pembeni ya uzio. Akasema, "Nyie, myamwagie maji kwanza. Na msivunje." Nilimjibu mimi. Nilimwambia, "Mzee, kisima kiko bondeni, tukuchotee wewe kwanza uoge?" Alituangalia, akarudi kwenye kiti chake.

Yaliyobaki mazima yalikuwa manane. Wazo la kuyabeba halikuwa la mjomba wako. Lilikuwa langu. Yeye alitaka tuyafukie tuondoke. Mimi nilisema mabati hayashiki kutu, hayachomi juani, ni makubwa, tutayapeleka nyumbani tupate sakafu ya kukung'utia ufuta. Unajua ufuta ulivyo, ukikung'uta juu ya ardhi unachanganyika na mchanga, mnunuzi anautazama anakunja uso. Turubai wakati ule hatukuwa nalo. Tulimlipa mwenye lori la mbao, tukayashusha Malolo, tukayapanga nyuma ya nyumba manne kwa manne.

Watu walikuja kutazama. Nilijisikia mtu mkubwa, Somoe. Hakuna mwingine kijijini aliyekuwa na sakafu ya namna ile. Majirani wakaja kuomba zamu, wakileta miganda yao kichwani, tukawa tunapiga kwa fimbo kuanzia asubuhi. Ufuta ulishuka msafi ukakaa kwenye mabonde ya bati, mama yako akaukusanya kwa fagio la chelewa, akapepeta kwa ungo. Na wewe ulikaa pale pale miguuni kwake, ukichota kwa mikono yako miwili unamwaga, unachota unamwaga. Hivyo kila msimu mpaka ukawa msichana wa kushika ungo mwenyewe. Vipande vilivyomeguka pembeni mlivitia motoni nyinyi watoto, mkakimbia kusikiliza vikipasuka. Nilikuwa nawaangalia, nikicheka.

Nimefika mahali ambapo jana na juzi, nilipojaribu kukuandikia, nilikwama.

Mjomba wako alipoanza kukosa pumzi, wewe ulikuwa umekwenda kukaa na shangazi yako Lindi. Kwanza tulisema ni kifua cha baridi. Halafu akapimwa kifua kikuu, hakikuonekana, akapimwa tena, hakikuonekana. Akawa hawezi kutoka nyumbani mpaka shambani bila kukaa njiani mara tatu, yeye aliyekuwa akinibebea jembe langu na lake. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitazama picha ya kifua kwenye mwanga muda mrefu, akamgeukia mjomba wako akamuuliza, "Mzee, umewahi kufanya kazi ya mabati ya asbesto? Yale ya kijivu, ya zamani, kama simenti? Kuyavunja, kuyakata, au kuishi nayo karibu?"

Mjomba wako alivuta pumzi ili ajibu. Ilikuwa inamchukua muda kuivuta. Mimi nikajibu kabla yake. Nikasema, "Hapana, daktari. Sisi wakulima tu."

Mpaka leo sijui mdomo wangu ulitangulia vipi. Ila najua nilichokuwa nafikiri. Magunia ya ufuta yalikuwa ndani, bado hayajakwenda mnadani. Nilifikiri nikisema ndiyo, daktari ataandika, maandishi yatafika wilayani, watu watakuja kupiga picha nyuma ya nyumba yangu, na kesho yake hakuna atakayenunua ufuta wa Malolo, wangu na wa wale wote niliowapa zamu. Hayo yote yalipita kichwani kwa muda wa mtu kuvuta pumzi moja. Mjomba wako alinitazama. Halafu akafumba macho. Alinitunzia uongo wangu. Alikuwa na haki ya kunikana mbele ya daktari, na hakunikana.

Je, ningesema ndiyo angepona? Nimemuuliza mtu anayejua, nitakwambia ni nani. Alisema ugonjwa huo ukishafika pale hauna dawa ya kuuondoa. Pia alisema hawezi kuniambia kwa hakika kilichomuua shemeji yangu bila kumpima. Kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba mabati yalimuua mjomba wako. Naandika ninachokijua tu, kwamba aliulizwa swali lake, nikalijibu mimi, na nikalijibu kwa uongo.

Ndipo siku ile, wiki chache kabla hajafariki, akasema mbele ya mama yako, "Yale mabati apewe Somoe. Akiolewa asilale chini ya nyasi." Alikuwa anakupenda, na kwake yalikuwa mabati tu. Mimi peke yangu pale ndani ndiye niliyekuwa nimesikia swali la daktari nikalielewa. Nikainamisha kichwa, watu wakadhani nalia.

Baada ya mazishi tulipiga ufuta juu ya mabati yale misimu miwili mingine. Mwaka huu nikashindwa. Nikanunua turubai, nikayahamishia mabati chini ya mkorosho, nikawaambia watu sitaki yachafuliwe na kuku. Mkanicheka, mkasema Mzee Bakari sasa anayatunza mabati kama mahari. Kumbe nilikuwa najaribu kutubu bila mtu kuniona. Haikusaidia kitu, maana wewe ulipoyaona yamepangwa vizuri kivulini ulijua kabisa yanakungoja.

Kazi hii ya Morogoro niliipata bila kujua ni ya nini. Waliniambia kuezua majengo ya zamani. Siku ya kwanza hatukupanda popote. Tuliwekwa kwenye chumba, akaja mama mmoja mtaalamu, Bi Rehema, ndiye yule niliyekuja kumuuliza habari ya mjomba wako, akaweka mezani kipande kilichofungwa ndani ya nailoni mbili. Akauliza nani anakijua. Nilinyoosha mkono. Akaniuliza, "Kwenu mnakiitaje?" Nikasema mabati ya simenti. Akasema, "Ndani ya hiyo simenti kuna nyuzi. Zimesagika nyembamba kuliko unywele, huzioni. Zikiingia kifuani hazitoki. Hutakohoa leo wala mwakani. Utakohoa mtoto wako akiwa na watoto." Likapa akanong'ona, "Huyu mama anatisha watu." Mimi nilikuwa nimeshahesabu miaka yako na vidole chini ya meza.

Hapa ndipo nilipoona namna ile kazi inavyotakiwa kufanywa, na kila siku naiona kama naonyeshwa dhambi yangu iliyosahihishwa na mwalimu. Hakuna nyundo. Paa linalowanishwa kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, tena na tena, lisitoe vumbi. Misumari ya kulabu inafunguliwa polepole, bati linashushwa zima, mikononi, kama mnashusha mgonjwa. Chini hakuna fagio, wanafuta kwa matambara mabichi. Barakoa zetu si zile za kitambaa wala zile za karatasi za hospitali, ni nzito, zinabana mpaka zinaacha alama. Overoli haitoki nje ya uzio. Ukienda kula unaivua, unaoga. Kila bati linavikwa nailoni nene mara mbili, linaandikwa, linakwenda kwenye shimo lililoonyeshwa na watu wa mazingira, linafukiwa, na panawekwa alama ili asije mtu akachimba msingi wa nyumba. Sisi tulirudi Malolo na nguo zile zile nyeupe, na mama yako akazikung'uta uani kabla ya kuzifua.

Nilipimwa kabla ya kuanza, kama wote. Picha yangu ya kifua ina alama. Wameniambia si ya kulazwa, ila nipimwe kila mwaka, na sigara niache. Sigara nimeacha, muulize Likapa, amekuwa akivuta za watu wawili. Juu ya paa wamenitoa. Sasa kazi yangu ni kujaza matangi ya maji nje ya uzio. Mama yako bado hajui habari ya picha. Mwonyeshe barua hii, maana nimechoka kumficha mtu mmoja nikimwambia mwingine.

Najua utajiuliza, mbona yanaonekana mazima? Nilimuuliza Bi Rehema swali hilo hilo, kwa ujanja, nikijifanya naulizia nyumba ya rafiki yangu. Alisema bati zima, lisiloguswa, likiwa juu ya paa lake miaka yote, halina haraka ya kumdhuru mtu. Liachwe, lisitobolewe, lisipigwe brashi. Akasema pia kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuapa kwamba hili ni asbesto na lile siyo, mpaka lipimwe maabara. Ila ukiona bati la kijivu la zamani, nene kama kidole kidogo, mawimbi mapana, ukiligonga halilii kama chuma bali linajibu kama sahani ya udongo, limeota ukungu badala ya kutu, na pale lilipovunjika kuna vinywele vinachungulia, usibishane nalo. Lihesabu kuwa ndilo. Halafu akanitazama akasema, "Mwambie rafiki yako asilale akiwaza sana. Ila asiyaguse." Nadhani alijua.

Ya kwetu, Somoe, si mazima. Tumeyapiga fimbo zaidi ya miaka ishirini. Mawili yana pembe zilizomeguka, moja lina ufa katikati. Ukiyapakia kwenye fuso juu ya vitanda na mahindi, kwa barabara ile ya Kilimarondo, yatasagana njia nzima. Halafu Ahmadi atatafuta msumari na nyundo ayatoboe. Halafu mtalala chini yake. Halafu mtoto wenu atakaa chini akichota unga wa simenti kwa mikono miwili. Hapo ndipo ninapofika kila ninapofumba macho, na hapo ndipo nilipoamua kwamba aibu yangu haina thamani kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo nakuomba, siagizi. Yasipande gari. Msiyabebe, msiyaburute, msiyafagie. Mama yako ayamwagie maji taratibu kwa ndoo, bila kurusha, ayafunike kwa lile turubai, na watoto wa jirani na kuku wakae mbali. Turubai tutanunua lingine. Msimamizi amekubali kunipa nailoni na barakoa zilizobaki, na Bi Rehema atanipa namba ya afisa mazingira wa kule kwetu wilayani atuonyeshe pa kuyafukia na atuambie la kufanya na ule udongo wa nyuma ya nyumba. Nitasema ukweli mbele yake, na ufuta ukikosa mnunuzi kwa ajili yangu, basi. Wale niliowapa zamu nitawapitia nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo safari ninayoiogopa kuliko zote.

Na wewe, siku yoyote ukishikwa na kifua, leo au nikiwa sipo, usikubali mtu akujibie. Mwambie daktari mwenyewe: nimekulia pembeni ya mabati ya asbesto, nimepeta ufuta juu yake. Sema hivyo hivyo. Mama yako naye aseme.

Najua aibu ya kuanza maisha chini ya nyasi. Mama mkwe wako atasema mbona kwao hawakumpa hata bati moja. Mwache aseme. Mjomba wako hakutaka ulale chini ya nyasi, na mimi nakwenda kinyume na maneno ya marehemu kwa makusudi. Lawama hiyo ni yangu, mwambie yeyote atakayeuliza kwamba baba yako ndiye aliyeikataa zawadi. Usiwaeleze zaidi kama hutaki. Au waeleze yote. Mimi sina tena la kulinda.

Likapa ananiita, begi lake liko begani. Anasema, "Mzee, unaandika kitabu? Basi haliwangoji waandishi."

Paa hili tunalimaliza tarehe ishirini na tano. Natarajia kushuka Ruangwa Jumatatu tarehe ishirini na saba jioni, na kufika Malolo Jumanne asubuhi. Nitapita nyuma ya nyumba kabla ya kubisha hodi. Nikiyakuta chini ya turubai nitayavika nailoni, nitayafukia, kisha nije Kilimarondo nikukatie nyasi na kukuezekea mwenyewe kabla ya mvua, hata kama hutanisemesha. Nisipoyakuta, nitageuza siku hiyo hiyo bila kuvua viatu. Nitafika kwako Jumatano, na nitakuomba wewe na Ahmadi mtoke nje ya nyumba.

Baba yako,
Bakari